Mikono minne inashikia wapi? Kuchora mwili wa kiumbe wa sayari nyingine

Katika michoro ya mashabiki wa hadithi za sayari za mbali, kosa linalojirudia kuliko yote liko kwenye mikono ya ziada. Msanii anachora kiwiliwili cha binadamu, kizuri kabisa, kisha anabandika jozi ya pili ya mikono chini ya kwapa, juu ya mbavu. Uso una hisia, mavazi yanafanana na ya kwenye filamu hadi vifungo. Lakini mikono ile ya chini haiwezi kuinua hata kikombe cha kahawa, kwa sababu hakuna kitu kinachoishikilia.

Weka kiganja cha kushoto nyuma ya bega lako la kulia, kisha inua mkono wa kulia taratibu hadi juu ya kichwa. Utahisi mfupa bapa ukiteleza mgongoni. Hilo ni kombe la mkono. Halina kiungo na mbavu. Limening'inia katikati ya misuli, na mfupa unaoliunganisha na kifua ni mtulinga peke yake. Misuli inayoleta mkono mbele imeshika kidari. Ule msuli mpana unaouvuta chini na nyuma umeanzia kwenye uti wa mgongo na kushuka hadi karibu na nyonga. Mkono basi ni mali ya mgongo mzima. Unapoanzia kuonekana kwenye ngozi, kazi yake imeshaanza mbali.

Ukitaka mikono minne inayofanya kazi, chora makombe manne na mitulinga minne kabla hujagusa ngozi. Kati ya jozi ya juu na ya chini acha nafasi ya urefu wa kichwa kimoja hadi kimoja na nusu. Ukibana zaidi ya hapo, makombe yatagongana kila mkono unaporudi nyuma. Kiwiliwili kitarefuka, nawe kiache kirefuke, usikifiche kwa mkanda au joho. Sasa angalia ule msuli mpana wa mgongo, unaofanya kazi mtu akivuta nyavu au kupiga kasia: njia yake imezibwa na makombe ya chini, kwa hiyo utakuwa mfupi. Mikono ya juu ya kiumbe huyu haiwezi kuwa ya kuvuta kwa nguvu. Ifanye mirefu na myepesi, ya kufikia vitu, na mzigo uache ubebwe na mikono ya chini, iliyo karibu na nyonga na yenye mgongo mpana wa kushikia. Wengi huchora kinyume: ya juu minene, ya chini miembamba kama ya mtoto.

Kuna deni jingine linalokuja na mikono hiyo. Wanyama wote wa dunia yetu wenye uti wa mgongo wana viungo vinne au pungufu, kwa kuwa wamerithi mpango mmoja kutoka kwa samaki wa kale mwenye jozi mbili za mapezi. Mwili hauvunji mpango huo kirahisi, huunyoosha. Mwaka 1415 wajumbe wa Malindi walimfikisha twiga kwenye kasri la mfalme Yongle wa China, na watu wa huko wakamwita qilin, mnyama wa hadithi zao za kale. Kwao alikuwa kiumbe wa ulimwengu mwingine. Hata hivyo shingo ya twiga ina pingili saba, idadi ile ile iliyo kwenye shingo yako. Kila moja imerefushwa tu. Basi kama kiumbe wako ana viungo sita, babu yake alikuwa samaki mwenye jozi tatu za mapezi, na ndege wa sayari ile, mifugo yake na panya wa jikoni wake wote wana viungo sita. Ukichora mandhari yake ukaweka farasi wa miguu minne pembeni, umeubomoa mchoro wako mwenyewe.

Orodha mbili kabla ya penseli

Mchoro wa shabiki una sharti ambalo mchoro wa kujitungia hauna: hadithi imeshasema baadhi ya mambo. Gawanya ukurasa wa daftari mara mbili. Upande mmoja andika yale tu yaliyoonyeshwa au kutamkwa: urefu, idadi ya macho, rangi ya damu iliyomwagika kwenye pambano, chakula alichoonekana akila. Upande wa pili andika yaliyonyamaziwa: anapumuaje, anazaaje, mtoto wake anafananaje. Kazi yako yote iko upande wa pili. Wa kwanza hubadilishi hata kama unakukera, kwa maana mashabiki wenzako watakupima kwa huo.

Tutumie mfano mmoja hadi mwisho. Kiumbe ana urefu wa mita 3, mikono minne, damu ya buluu, magamba magumu kifuani, na nyumbani kwao kuna nyota nyekundu hafifu. Hayo ndiyo tuliyopewa.

Urefu kwanza, kwa sababu ndio unaoamua unene wa kila kitu. Chukua tofali la jiwe la matumbawe, lile linalojengewa nyumba zetu za zamani. Sasa jenga tofali kubwa lenye kipimo mara mbili kila upande. Utatumia matofali manane, lakini yanayogusa chini ni manne tu. Uzito umepanda mara nane na sehemu inayoubeba mara nne. Galileo alilieleza jambo hili kwa mifano ya mifupa mwaka 1638, na hakuna kiumbe aliyeliepuka tangu hapo.

Mtu wa mita 1.7 ana kilo 70. Gawanya 3 kwa 1.7, unapata 1.76. Ukimkuza mtu huyo hadi mita 3 bila kubadilisha umbo, uzito unapanda kama mara 5.5, yaani kilo 380 hivi, lakini eneo la mfupa ukikatwa kipande linapanda mara 3.1 tu. Goti linauma. Ili mfupa ubebe mzigo kwa raha ile ile, unene wake uongezwe mara 2.3 badala ya 1.76. Kwenye karatasi: paja lenye mzunguko wa sentimita 55 kwa binadamu liwe na sentimita 127 hivi, si 97. Tofauti hiyo ndiyo inayomfanya mtazamaji ahisi uzito hata asipojua hesabu. Kama hadithi inasisitiza kwamba kiumbe ni mwembamba kama mwanzi, njia iliyobaki ni kupunguza uvutano wa sayari hadi 0.57 ya wetu. Mirihi ina 0.38, kwa hiyo si jambo geni. Lakini ukishaupunguza, mchanga, maji yanayomwagika na mwendo wake viende sambamba: hatua ndefu, kutua taratibu.

Damu ya buluu na bei yake

Hapa ndipo mashabiki hupaka rangi na kuondoka, na ndipo penye utamu. Pweza, ngisi, kaa na kambakoche wana damu inayobeba oksijeni kwa himosianini, protini yenye shaba, pale ambapo yetu ina chuma. Ikiwa na oksijeni ni buluu. Ikiishiwa hupauka, karibu haina rangi. Kwa hiyo mishipa inayotoka moyoni ni ya buluu na inayorudi ni ya kijivu hafifu. Ndani ya mdomo, fizi na kingo za macho visiwe na uwaridi hata kidogo: tumia kijivu cha pembe ya ng'ombe, na tone dogo la buluu mahali ngozi ni nyembamba. Akiona haya, mashavu yanakuwa buluu. Akizimia, anakuwa mweupe kama chokaa.

Bei yake ni hii. Himosianini inaelea ndani ya maji ya damu, haikufungwa ndani ya chembe, na hubeba oksijeni kidogo kuliko damu yetu. Pweza analipia kwa mioyo mitatu: miwili inasukuma damu kupitia matamvua, mmoja unaisambaza mwilini. Huo wa tatu husimama pweza anapoogelea, ndiyo sababu hupenda kutambaa na huchoka haraka akifukuzwa. Kwa mfano wetu wa kilo 380 moyo mmoja kifuani hautoshi. Chora mitatu, wa kati mkubwa, miwili pembeni ikigusa mapafu. Na mkao wake ubadilike: huyu hupambana kwa dakika chache kisha hukaa kitako. Kama filamu inamwonyesha akikimbia siku nzima, iweke sayari yake yenye baridi na hewa nzito ya oksijeni, kisha mpe kifua kipana kinachoonekana kikipanda na kushuka.

Kuhusu pumzi, neno moja juu ya matamvua ya shingoni, maana mtindo huo umeenea. Nenda soko la samaki, mwombe muuzaji akuinulie kifuniko cha shavu la kole au changu. Ndani utaona matao yenye nyuzi nyekundu, laini, zimepangana kama kitana. Zitie kwenye beseni la maji: zinaachana, kila uzi unaonekana. Zitoe: zinagandana kama kurasa za daftari lililolowa. Samaki nje ya maji hafi kwa kukosa hewa, hewa ipo tele. Anakufa kwa sababu kurasa zimegandana. Kiumbe mwenye matamvua anayetembea jangwani anahitaji chumba kilichofungwa chenye unyevu, kama alionao kaa chini ya gamba. Chora uwazi mwembamba wenye kifuniko, na ndani yake matao magumu yaliyoachana.

Nyota nyekundu

Kaskazini mwa Malindi, huko Ngomeni kwenye Ghuba ya Ungwana, kuna jukwaa la San Marco baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 lilirusha setilaiti ya kwanza iliyoundwa mahsusi kuchunguza anga kwa miali-eksi (eksirei), ikapewa jina Uhuru kwa kuwa siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya. Miali-eksi inamhusu mchoraji pia. Nyota ndogo nyekundu nyingi hutoa milipuko ya ghafla yenye miali-eksi na urujuanimno, miale isiyoonekana inayounguza ngozi. Hewa nene huimeza miali-eksi, lakini urujuanimno unaweza kufika chini pasipo na ozoni. Magamba magumu ya kifuani tuliyopewa na hadithi sasa yana sababu: ni mwavuli. Yaelekeze juu, mabegani na utosini, mwanga unakotoka. Kifuani peke yake hayana maana, labda kama mnyama hulala chali.

Mwanga wenyewe ukoje? Chukua Proxima Centauri, nyota iliyo karibu nasi kuliko zote baada ya jua, umbali wa miaka ya nuru 4.2. Sayari yake iliyotangazwa mwaka 2016 inaizunguka kwa siku 11.2, na kwa ukaribu huo huenda upande mmoja daima umeielekea nyota. Hapo jua halichomozi wala halichwi. Vivuli havihami. Nyumba ina ukuta mmoja wa mwanga milele, na mimea yote imeinamia upande mmoja kama minazi ya ufukweni iliyozoea upepo. Mimea hiyo ina sababu ya kuwa myeusi au zambarau iliyokolea, ili imeze kila chembe ya mwanga mdogo iliyopata.

Chini ya maji mambo yanageuka kabisa. Maji humeza wekundu kabla ya rangi nyingine. Kwenye bahari yetu, ukifika mita 10 wekundu umekwisha karibu wote na kinachobaki zaidi ni kijani na buluu. Nyota inayotoa wekundu kwa wingi, basi, ina bahari zenye giza mapema sana. Shabiki akichora mji wa chini ya maji wa kiumbe huyu, mita 10 tu chini, apake usiku. Macho yawe makubwa, au yasiwepo na ngozi ifanye kazi ya kugusa na kuonja, kama vikombe vya minyiri ya pweza vinavyoonja kila anachokishika.

Gando la kaa, lililofunguliwa

Kwa viungo vya gamba gumu sina mwalimu bora kuliko sahani ya kaa. Vunja gando lililopikwa, shika kile kidole kinachocheza, kipinde nyuma na ukivute. Kitatoka na kibapa chembamba cheupe, kama kipande cha kadi ya plastiki, nyama imekishika pande zote mbili. Hicho ndicho kano ya kaa, na misuli yote imejipanga juu yake kwa mshazari kama unyoya. Tazama tena: kuna kibapa cha pili, kidogo sana. Kikubwa kinafunga gando, kidogo kinafungua. Ndiyo maana gando linavunja konokono, lakini uzi mwembamba wa ukili unatosha kulizuia lisifunguke hadi sokoni. Ukichora kiumbe mwenye koleo, unene wote wa nyama uwe upande wa kufunga.

Kisha shika mguu mmoja. Kila kifundo kinapinda upande mmoja tu, kama bawaba ya mlango: pini mbili ngumu, ngozi laini katikati. Ila bawaba ya kifundo kinachofuata imegeuzwa, mara nyingi kwa robo duara. Kifundo kimoja ni kigumu na hakina uhuru, lakini vitatu vikifuatana vinafikisha ncha popote. Mchoraji anayeweka kifundo cha duara kama bega letu kwenye mguu wa gamba amechora mdoli. Ili usikosee, kata mrija wa soda vipande vinne, vichomeke kwa pini ukigeuza kila pini robo duara, uchezeshe. Chora ulichokiona, pamoja na pengo la ngozi laini upande wa ndani wa kila kunjo.

Gamba la nje lina kikomo pia. Kaa mkubwa kuliko wote wa nchi kavu, yule wa minazi, anafika kilo 4 hivi. Akikua lazima avue gamba, na kwa muda huwa laini kabisa. Kiumbe wa kilo 380 akivua gamba nchi kavu atalala chini kama unga uliokandwa. Una njia mbili. Ya kwanza, avulie majini, ambako maji yanambeba. Hapo umepata hadithi nzima ya siku za kujificha, walinzi na aibu. Ya pili, ambayo ndiyo ninayoichagua kwa mfano wetu, mifupa iwe ndani na magamba yawe mbavu zilizopanuka na kuungana, kama kasa. Tatizo la kasa ni kwamba makombe ya mikono yako ndani ya mbavu, jambo ambalo hakuna mnyama mwingine wa leo analo. Kwa mikono minne inakuwa zawadi: makombe ya chini yakae ndani ya gamba, ya juu nje, na ile ajali ya kugongana imekwisha.

Minyiri nitaipitia haraka. Mnyiri hauna mfupa, ujazo wake haubadiliki; ukirefuka lazima uwe mwembamba. Ukiunyoosha mara mbili, unene ushuke hadi 0.7 ya mwanzo. Basi.

Watoto husahauliwa sana. Kasa hufukia mayai mia moja hivi kwenye tundu la mchanga, na joto la mchanga huamua jinsia: ukiwa wa moto zaidi hutoka majike wengi. Kwenye sayari yenye upande mmoja wa moto na mwingine wa baridi, hebu fikiria ramani ya kutagia.

Kwenye karatasi

Kabla ya kuchora nenda mwambani. Siku za bamvua hapa Malindi maji hupwa kabisa karibu saa nne hadi saa tano asubuhi; fika mapema kwa muda wa saa moja na nusu, ufuate maji yanavyorudi. Vaa viatu vya soli ngumu kwa ajili ya miiba, na usiokote koa mwenye gamba la umbo la pia, kwani wengine wana mshale wa sumu. Ndani ya hifadhi ya baharini, iliyotengwa tangu 1968, huchukui chochote. Chora na upige picha. Jiwe ulilogeuza lirudishe lilivyokuwa, la sivyo wote walio chini yake watakufa kwa jua.

Tumia karatasi ya A3 yenye gramu 300 kwa mita ya mraba. Penseli ya 2H kwa mifupa, HB kwa misuli, na ngozi uiweke kwenye karatasi ya kupitishia mwanga juu yake, ili mtazamaji aweze kuifunua. Kalamu za wino: 0.1 kwa nyuzi za misuli, 0.3 kwa viungo vya ndani, 0.5 kwa mpaka wa nje. Kivuli cha mtu wa mita 1.7 kisimame pembeni, na mstari wa kipimo wa mita 1 chini yake; bila hivyo hesabu yote ya paja haionekani. Mioyo na matamvua chora kando, kubwa, kwa mstari unaoelekeza vilipo mwilini. Maelezo yawe maneno matatu hadi sita kila moja.

Rangi ya maji ianze kwa kijivu chote, buluu ije mwisho. Msimu wa kusi hewa yetu ina unyevu mwingi na karatasi hujikunja ikiwa bado mbichi, ikavuta rangi kwenye mabonde. Lowesha karatasi nyuma kwa sifongo, ibandike kwenye ubao kwa utepe wa karatasi pande zote nne, iache ikauke usiku mzima kabla ya tone la kwanza. Wino nao usubiri saa nzima kabla ya kupitisha maji juu yake, hata kama kidole kinakuambia umekauka.